KABLA HUJAFUNGUA HIYO INJINI NYUMBANI: HISTORIA YA MAFUNDI WASIOTAJWA MAJINA, BARIADI NA SIMIYU

 Hapa mmezoea zile za "staa mmoja hivi, jina tunalo ila hatulitaji". Leo pia hatutaji majina, ila sababu ni tofauti kabisa. Leo hatutaji kwa sababu hakuna aliyeyaandika.

Kuna swali moja linakuja sana: "Noah yangu imekufa gasketi, fundi kanitajia hela ndefu, naweza kufungua mwenyewe nyumbani? Nimeangalia video tatu." Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Jibu refu linaanzia kabla babu yako hajaoa, na ukilisoma mpaka mwisho unaweza kuokoa injini yako. Na kama injini ndiyo inayolisha nyumba yenu, basi utaokoa zaidi ya injini.

Gasketi ni nini hasa?

Injini ina sehemu mbili kubwa. Chini kuna bloku, ndimo pistoni zinapanda na kushuka. Juu kuna hedi, ndiyo mfuniko wenye valvu. Katikati yao kuna kitu chembamba kama karatasi ngumu: gasketi ya hedi.

Hicho kitu chembamba kina kazi tatu kwa wakati mmoja. Kinazuia moto usitoke kwenye silinda, na ule moto unapita nyuzi 2,000. Kinazuia maji yasiingie kwenye oili. Kinazuia oili isiingie kwenye maji. Kikishindwa hata sehemu moja, unaona mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha, maji yanapungua na huoni yanapovujia, au unachomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa.

Zamani kabisa injini nyingi hazikuwa na shida hii, kwa sababu hedi na silinda vilimiminwa pamoja kama chungu kimoja. Ukitaka kusafisha valvu, ilikuwa ni tabu tupu. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuja na hedi inayofunguka, ikauzwa kwa mamilioni, na hapo ndipo dunia ikazoea wazo kwamba mtu wa kawaida anaweza kufungua injini yake akaifunga tena. Kwa hiyo hilo wazo lako la kufungua injini uani halijaletwa na mtandao. Lina zaidi ya miaka 100.

Swali ni: lilifikaje Bariadi?

Asiyetajwa wa kwanza: aliyerudi vitani

Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, iliwachukua vijana zaidi ya 80,000 kutoka Tanganyika. Shuleni tulisoma kwamba walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Ila wengi hawakushika bunduki muda wote. Jeshi lilikuwa linatembea kwa malori, na malori yanataka dereva na fundi. Vijana waliotoka vijijini wakafundishwa gia, breki, kabureta na kufungua hedi.

Vita ikaisha, wakarudi. Hawakurudi na nishani tu, walirudi na ujuzi mikononi. Karibu na wakati huohuo, Mwadui, jirani zetu wa Shinyanga, mgodi wa almasi uliogunduliwa mwaka 1940 ulikuwa na mitambo yake na karakana zake. Mwaka 1947 Waingereza wakaanzisha ule mradi wa karanga Kongwa, wakaleta matrekta mengi, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakafundisha Waafrika kuyaendesha na kuyatengeneza. Mradi wenyewe ulichemsha vibaya, mwaka 1951 ukafungwa. Karanga hazikupatikana za maana. Mafundi walipatikana.

Hebu fikiria hilo kidogo. Kwenye vitabu Kongwa ni hadithi ya aibu ya serikali ya kikoloni. Kwa kijana aliyetoka pale anajua kutofautisha spana ya 17 na ya 19, ilikuwa ni chuo.

Asiyetajwa wa pili: utingo wa lori la pamba

Sasa tuje nyumbani. Usukuma wa miaka ya 1950 ulikuwa unawaka na pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana vikawa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya Paul Bomani, na likawa kati ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima. Wakulima wenyewe wakamiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Huyo Bomani jina lake lipo, historia ipo. Sawa kabisa, alistahili.

Ila pamba haitembei yenyewe. Ni nyepesi lakini inajaa, lori linapangwa mpaka juu linaonekana kama nyumba inayotembea. Inaokotwa kiangazi, ununuzi unaanza karibu na Mei, na ndani ya miezi michache lazima itoke kijijini ifike kiwandani. Njia zetu zilikuwa udongo ule mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha lori linazama, likikauka ni mashimo na vumbi. Ukikanyaga gia ya kwanza na ya pili kutwa nzima na mzigo mkubwa, injini inazunguka sana na upepo haupiti kwenye rejeta. Inachemsha. Ikichemsha mara tatu nne, gasketi inakwenda.

Hapo ndipo anaingia utingo. Kazi yake rasmi: kupakia, kushusha, kuweka kabari chini ya tairi, kuchota maji mtoni. Kazi yake isiyo rasmi: kushika tochi wakati dereva amefungua injini katikati ya pori, usiku, fisi wanalia. Utingo alikuwa anajifunza kwa macho. Bolti ipi ilitoka wapi, ipi ndefu ipi fupi. Hakuna kitabu, na hata kingekuwepo kingekuwa cha Kiingereza. Baada ya miaka utingo anakuwa dereva, dereva akizeeka anakuwa fundi, naye anamchukua kijana wa kumshikia spana. Ndiyo hao tunaowaita spana boi mpaka leo.

Malori ya wakati ule, Bedford na wenzake, yalikuwa na kitu kimoja cha huruma: bloku na hedi vyote vilikuwa chuma cha kumimina. Chuma hicho ni kizito, kinavumilia. Ukikichemsha kinaweza kukusamehe. Na gasketi nyingi zilikuwa za shaba na asbesto. Shaba ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu inalainika tena, kwa hiyo kulikuwa na ujanja wa kurudisha gasketi iliyotumika. Kumbukeni huu ujanja, tutaurudia.

Na kumbukeni hiyo asbesto pia. Leo inajulikana duniani kote kwamba vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta saratani, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Mzee aliyekuwa anakwangua gasketi iliyoganda kwa msumeno mbovu, anapuliza vumbi kwa mdomo, hakuna aliyemwambia. Wangapi walilipa kwa pumzi zao? Hakuna daftari. Ndiyo maana ya kutotajwa.

Miaka ya kukosa kila kitu

Kama mzee wako alikuwa kijana miaka ya 1970 na 1980, muulize leo habari ya spea. Atacheka kwanza, halafu atanyamaza.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikapanda ghafla. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, pamba ikawa chini ya mamlaka ya serikali. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na malori na mabasi, ya mashirika na ya watu binafsi, yakachukuliwa kubeba askari na vyakula. Vita tukashinda mwaka 1979, ila magari mengi yalirudi hoi, mengine hayakurudi. Hazina ya fedha za kigeni ikakauka. Kibaha tulikuwa na kiwanda cha TAMCO kikiunganisha malori ya Scania, ila lori jipya bila spea ni kama harusi bila chakula.

Matokeo yake kwetu: pamba inarundikana kijijini, mkulima anasubiri, lori limekaa juu ya mawe.

Sasa kumbuka ule ujanja wa shaba. Hiki ndicho kipindi ambacho ujanja ulikuwa ndiyo mfumo wenyewe. Tangi la mafuta limetoboka? Sabuni ya mche. Gasketi ya pampu ya maji hakuna? Boksi gumu linawekwa juu ya chuma, linagongwa pembeni kwa nyundo ndogo mpaka alama inatoka, linakatwa. Bolti ya lori moja inaingia kwenye lori lingine. Gari tatu zilizokufa zinazaa moja inayotembea.

Sisi leo tunaona hayo kama vichekesho vya wazee. Ila weka hesabu sawa: kila lori lililofufuliwa chini ya mwembe lilikuwa ni pamba iliyofika kiwandani, ada ya mtoto iliyolipwa, mahari iliyotoka. Nchi ilibebwa na watu wenye mikono myeusi ya oili ambao hawakuwahi kuitwa jukwaani.

Mwaka 1984 mambo yakaanza kulegea. Serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje bila kuulizwa kazipata wapi. Pikapu na spea zikaanza kuonekana tena.

Asiyetajwa wa tatu: fundi wa gereji bubu

Halafu akaja Mjapani. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia kama kwetu, na magari yao yaliyotumika yanauzwa nafuu. Milango ya biashara ilipofunguka, mafuriko yakaanza: Hiace, Corolla, Noah, baadaye Probox na IST. Leo ukiwa stendi ya Bariadi unataka kwenda Lamadi au Maswa, ile mchomoko utakayopanda ukabanwa watu wanne kiti cha nyuma ni mtoto wa mafuriko hayo.

Lami nayo ikafika, na mwaka 2012 Simiyu ikawa mkoa kamili, Bariadi ikatoka Shinyanga ikawa makao makuu. Magari yakaongezeka. Na gereji bubu zikaongezeka: hazina kibao, hazina geti, kuna mti, turubai, fremu ya gari iliyokufa na vijana wanne. Wengine wamepita VETA, wengi ni wajukuu wa kiufundi wa yule utingo.

Ila hapa historia inageuka, na ndiyo sehemu nataka uisome taratibu. Gari hizi mpya si Bedford. Hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kumimina. Ukichemsha, hedi inataka kutanuka, bolti zinaikatalia, inapinda. Inapinda kiasi gani? Kwa injini nyingi za Toyota, mwisho unaoruhusiwa ni kama milimita 0.05. Huo ni unene wa unywele mwembamba. Jicho halioni. Na gasketi za siku hizi nyingi ni tabaka za bati la chuma, hazisamehi uso uliopinda na hazirudiwi.

Kwa hiyo ujanja uliookoa pamba mwaka 1981 ndio unaoua Noah leo. Kurudisha gasketi ya zamani: kwisha. Kupaka silikoni nyingi kwenye gasketi ya hedi: inaziba njia za maji, gari inarudi baada ya wiki. Kukaza bolti "mpaka mkono uhisi": hedi inapinda au bolti inakatika ndani. Wazee hawakukosea. Walikuwa na jibu sahihi la chuma kile. Chuma kimebadilika.

Mfano mmoja tu wa kwetu. Mto Simiyu unatiririka kwenda Ziwa Victoria, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, maana yake sisi tuko juu zaidi. Kwenye mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Mfuniko wa rejeta unaobana vizuri unaongeza presha na kusogeza hiyo nyuzi juu, mpaka karibu na 120. Sasa wewe umeweka mfuniko wa gari nyingine, au umefunga na mfuko wa nailoni. Umejinyima nyuzi zaidi ya 20 za usalama kwa kitu cha bei ya chipsi kuku. Halafu unasema gari ina mkosi.

Asiyetajwa wa nne: wewe na simu yako

Haya, turudi kwenye swali. Unaweza? Unaweza, kama utachukua nidhamu ya utingo na vipimo vya leo. Hivi ndivyo ningemwambia mshkaji wangu:

1. Hakikisha ni gasketi kweli. Feni mbovu, pampu ya maji, rejeta iliyoziba na thamostati iliyoganda vyote vinachemsha gari. Ukibadilisha gasketi bila kutibu kilichochemsha, umenunua wiki mbili tu.

2. Usifungue injini ya moto. Iache ipoe kabisa, ikiwezekana ilale. Mfuniko wa rejeta ukiwa moto unaunguza uso, na hedi ya moto ukiilegeza inapinda.

3. Piga picha kila hatua. Utingo alitumia macho, wewe una kamera. Bolti zitoboe kwenye boksi gumu kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Huo ni utaalamu wa zamani na haujapitwa.

4. Weka alama za taimingi kabla hujatoa belti au cheni. Ukikosea jino moja gari haina nguvu. Ukikosea mengi, kwenye baadhi ya injini valvu zinagonga pistoni na hapo ni kilio.

5. Bolti za hedi legeza kidogo kidogo, ukianzia nje kuja katikati. Wakati wa kufunga ni kinyume: katikati kwenda nje, kwa awamu.

6. Hedi ipimwe na rula ya chuma iliyonyooka na fila geji. Ikizidi kipimo, ipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kuskimu, Mwanza wapo. Hapa usiwe na ubishi, msasa juu ya meza si mashine. Waambie waangalie na nyufa.

7. Tafuta toki renchi, hata ya kuazima. Injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zinataka ukaze kwa kipimo halafu uzungushe bolti nyuzi 90 zaidi. Tafuta namba za injini yako, si za injini ya jirani.

8. Gasketi mpya, uso msafi, upande sahihi. Usikwangue aluminiamu na kitu kigumu, na kama ni gari la kizamani sana usipulize vumbi.

9. Weka kulanti, si maji ya bomba matupu, na toa hewa yote kwenye mfumo. Badilisha oili na filta, hasa kama ilishageuka chai ya maziwa.

Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu kwa anayeanza, si mchana mmoja kama kwenye video. Na kama hiyo gari ni mchomoko inayolipa kodi ya nyumba na ada za wadogo zako, piga hesabu ya Kisukuma: gasketi na kuskimu unaweza kulipa kwa mbuzi kadhaa, injini ya mtumba ni ng'ombe. Kama huna uhakika na namba 4 na namba 7, lipa fundi. Lakini kaa pale. Shika spana. Uliza. Mwambie unataka kuona rula ikipita juu ya hedi.

Fundi wa kweli hatakasirika, kwa sababu na yeye alijifunza hivyohivyo. Anayekasirika ukimuuliza kipimo, mzee, beba gari yako.

Kwa nini nimeandika hii

Tunajua jina la aliyeanzisha ushirika, aliyegundua almasi, aliyevamia Kagera. Hatujui jina hata moja la waliofanya pamba ya Bariadi isogee. Walirithishana kazi kwa mdomo na kwa mkono, na urithi wa hivyo una hatari moja: mwenye nao akifa, unaondoka naye. Halafu anakuja dogo ana video ya Mmarekani mwenye gereji yenye kiyoyozi, anaanza sifuri, kumbe mtaa wa pili kuna mzee amefungua hedi tangu enzi za mamlaka ya pamba.

Video itakufundisha namba. Mzee atakufundisha kusikia. Injini inayokaribia kufa gasketi ina mlio wake asubuhi, na huo mlio hakuna aliyeuandika popote. Mpelekee soda, kaa naye nusu saa, washa rekoda ya simu. Na umuulize jina la aliyemfundisha yeye.

Haya, uwanja wenu. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa utingo, dereva au fundi wa malori ya pamba, Bariadi, Malampaka, Mwanhuzi, Nyashimo, popote, mwombe ruhusa kwanza, halafu tuandikie jina lake hapo chini, na gari aliyoendesha. Blogu hii imeficha majina mengi. Haya tunayataka wazi.